Kampuni ya viwanja Mwanza: namna ya kuikagua kabla hujaipa hela

Kampuni ya kuendeleza ardhi hununua mashamba kwa ekari, huyapanga, huyapima, kisha huuza viwanja kwa mita ya mraba. Kati ya ekari na mita ya mraba ndipo faida yake ilipo, na ndipo mnunuzi anapoumia kazi ikiachwa njiani. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kununua kiwanja kwenye mradi wa kampuni Ilemela, Nyamagana, Kisesa au Usagara, na mwenye siku chache za kukagua kabla ya kulipa.

Anza na umri wake, kisha uende mradi wake wa zamani

Kampuni ikikwambia ina uzoefu wa miongo mingi, linganisha maneno hayo na historia ya ardhi yetu. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo mengi ya kupangisha mijini, katikati ya Mwanza nako kukiwemo, na kwa miaka mingi baada ya hapo kujenga na kuuza nyumba hakukuwa biashara ya mtu binafsi. Sheria ya Ardhi ya 1999 na ile ya Ardhi ya Vijiji zilianza kutumika Mei 2001, na marekebisho ya 2004 ndiyo yaliyofungua mlango wa kuuza ardhi tupu isiyo na maendelezo. Biashara hii ya kugawa shamba na kuuza viwanja kwa awamu imekua baada ya hapo. Kampuni ya mkoani yenye miaka 8 au 12 si changa hata kidogo. Inayodai miaka 40 iulize ilikuwa ikifanya nini hasa.

Tafuta jina lake kwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni na biashara. Angalia tarehe ya kusajiliwa, wakurugenzi ni akina nani, na kama jina lililoandikwa kwenye kabrasha ni lile lile la kwenye cheti. Mara nyingi "kampuni" ya kwenye bango ni jina la biashara la mtu mmoja. Hilo si kosa, lakini linabadilisha nani atawajibika siku mambo yakiharibika: kampuni yenye dhima yenye kikomo (limited) ni mtu kisheria, jina la biashara ni yule mwenye jina.

Kisha omba orodha ya miradi yake yote na uende ule wa zamani zaidi. Ule mpya utapelekwa kwa gari lao, utaonyeshwa barabara iliyochongwa jana na vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu. Wa zamani nenda mwenyewe, kwa bodaboda au daladala, siku ya Jumapili mchana watu wakiwa nyumbani. Uliza maswali manne tu: ulinunua mwaka gani, hati umepata, hati ilichukua muda gani, na bikoni zako (alama za mpaka zilizopandwa na mpima) ziko wapi. Ukiongea na watu sita na wanne wakakuonyesha hati, kampuni inafanya kazi. Ukiambiwa na wote sita kwamba "inashughulikiwa" na mradi una miaka mitano, umepata jibu lako bila kumlipa mtu. Hakuna ukaguzi mwingine unaoufikia huu, na hauna gharama zaidi ya nauli.

Neno "kimepimwa" lina hatua tatu ndani yake

Dalali akisema kiwanja kimepimwa, anaweza kumaanisha mambo matatu tofauti kabisa. Dai namba ya kila hatua.

Ya kwanza ni mchoro wa mipango miji. Mtaalamu wa mipango miji anachora barabara, vitalu, viwanja na maeneo ya umma, halmashauri inaupitisha, kisha unaidhinishwa. Mchoro ulioidhinishwa una namba, tarehe na mihuri. Ulioishia kwenye kompyuta ya kampuni hauna.

Ya pili ni upimaji. Mpima aliyesajiliwa anaingia saiti, anapanda bikoni, anachora ramani ya upimaji na kuipeleka kwa Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani. Ramani hiyo haina nguvu mpaka ikubaliwe na kusajiliwa. Kabla ya hapo bikoni zinaweza kuhamishwa, na namba ya kiwanja inaweza kubadilika.

Ya tatu ni umilikishaji: hati yenyewe. Kuna njia mbili, nazo zinatofautiana kwa gharama. Kuna kampuni inayoiacha ardhi katika jina la mwenye shamba hadi upimaji uishe, kisha kila mnunuzi anaomba hati kwa jina lake mwenyewe. Kuna nyingine inayochukua hati zote kwa jina lake, halafu inakuhamishia. Njia ya pili ina fomu za uhamisho namba 29, 30 na 35, ina ushuru wa stempu wa asilimia 1, na ina kodi ya ongezeko la mtaji, yaani kodi ya faida ya kuuza. Kodi hiyo ni ya muuzaji, lakini mikataba mingi huitupa kwa mnunuzi kwa kifungu kimoja kilichofichwa mwishoni. Kisome.

Bei inapaswa kufuata hatua. Kiwanja chenye mchoro tu kikiuzwa kwa bei ya kiwanja chenye ramani ya upimaji iliyosajiliwa, unalipia kazi ambayo haijafanyika.

Nani alikuwa na shamba?

Kampuni nyingi hazinunui shamba lote kwa mkupuo. Zinaingia mkataba na mwenye shamba: yeye anatoa ardhi, kampuni inatoa gharama za kupanga na kupima, wanagawana viwanja. Ni utaratibu halali na unafaa, ila una maana kwamba baadhi ya viwanja ni vya kampuni na vingine ni vya mzee mwenye shamba. Uliza kiwanja unachotaka kiko upande wa nani, na uone mgawanyo ulioandikwa. Kinapouzwa mara mbili, mara nyingi ni hapa: kampuni imeuza na familia nayo imeuza.

Omba mkataba wa kampuni na mwenye shamba, na uhakikishe una mambo haya:

- Mume au mke wa mwenye shamba amesaini ridhaa yake.
- Kama shamba ni la urithi, kuna barua ya mahakama ya kumteua msimamizi wa mirathi, na msimamizi ndiye aliyesaini. Kikao cha ukoo peke yake hakitoshi.
- Majirani wa pande zote wametajwa na wamesaini, pamoja na mwenyekiti wa mtaa.

Ukivuka kwenda wilaya za Magu na Misungwi, ziliko Kisesa na Usagara, kuna swali la ziada: eneo hili ni la mji au bado ni ardhi ya kijiji? Ardhi ya kijiji haigeuki kuwa viwanja vya mji kwa sababu mwenye shamba na kampuni wamekubaliana. Kuihamisha kuna taratibu zake, na mkutano mkuu wa kijiji una nafasi humo. Eneo lililoingizwa kwenye mpango wa mji lina tangazo lake. Muulize ofisa ardhi wa wilaya, na umuulize kwa jina la kitongoji badala ya jina la mradi. Majina ya miradi hubuniwa na kampuni, na ofisi haiyajui.

Hesabu ya ekari haidanganyi

Hapa ndipo unapoweza kuikamata kampuni kwa kalamu na karatasi. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Chukua shamba la ekari 10, yaani mita za mraba 40,470, na kampuni inayosema imepata viwanja 70 vya mita 20 kwa 25.

Viwanja 70 vya mita za mraba 500 ni 35,000. Zinabaki 5,470. Sasa barabara: kiwanja chenye upana wa mita 20 mbele, kikitazamana na kingine ng'ambo ya barabara ya mita 10, kila kimoja kinabeba nusu ya barabara hiyo, yaani mita 20 mara 5, sawa na mita za mraba 100. Kwa viwanja 70 ni 7,000. Tayari umepita zilizobaki, na bado hujahesabu barabara za kukatiza, kona za kugeuzia, mtaro wa maji ya mvua wala eneo la wazi. Kwa hiyo moja kati ya mambo matatu ni kweli: viwanja ni vidogo kuliko wanavyosema, barabara ni vichochoro, au vingine vimechorwa juu ya shamba la jirani.

Mradi uliopangwa vizuri huacha karibu theluthi moja ya ardhi, au zaidi kidogo, kwa barabara na huduma za umma. Kwa ekari 10 hizo hizo, viwanja 52 vya mita za mraba 500 ni namba inayoaminika. Wanunuzi wengi huona nafasi ya wazi kwenye mchoro kama hasara ya kampuni. Ni faida ya mnunuzi mwenyewe: ndiko mtaro utakapopita, na gari la kunyonya maji taka litakapogeuzia. Uliza pia eneo la wazi limeandikwa kwa matumizi gani. Likiwa halina maandishi, miaka miwili baadaye litakatwa viwanja vinne.

Kukagua mahali kwa simu

Ramani ya upimaji ina jedwali la viwianishi (namba za mahali, au koodineti) vya kila bikoni. Kwa Mwanza vinaandikwa katika kanda ya 36 Kusini ya UTM, mfumo wa kutaja mahali kwa mita. Namba ya mashariki itakuwa kati ya 480,000 na 510,000 hivi, na ya kaskazini itaanzia 9,690,000 hadi 9,745,000. Namba zilizo nje kabisa ya hapo ni za mahali pengine au zimenakiliwa vibaya.

Ziingize kwenye programu ya ramani ya simu inayokubali UTM. Lakini kwanza soma pembeni ya ramani imetumia mfumo gani wa rejea, yaani msingi ambao namba hizo zimehesabiwa kutoka kwake. Ramani za zamani ni Arc 1960. Simu hutumia WGS84. Ukiingiza namba za Arc 1960 kama zilivyo, simu itakupeleka karibu mita 300 kaskazini mwa kiwanja na chini kidogo ya mita 100 magharibi. Watu wamegombana na kampuni isiyo na kosa kwa sababu hii, na wengine wameonyeshwa kiwanja cha jirani wakaambiwa "ni simu tu inapotoka". Tofauti ikiwa karibu na hiyo na iko upande huo, ni mfumo. Ikiwa mita 40 upande wa kusini, dai maelezo. Ramani mpya za TAREF11, mfumo wa rejea wa sasa wa Tanzania, zinakaribiana na simu kiasi kwamba hutaona tofauti.

Simu ya kawaida inakosea mita 3 hadi 5 mahali pa wazi, kwa hiyo inathibitisha uko shamba lipi na mtaa upi. Mpaka wenyewe unapimwa kwa bikoni na futi kamba. Tafuta bikoni zote nne. Bikoni ya kweli ni chuma kilichozungushiwa zege, kimezama ardhini, kina namba juu yake, na namba hiyo ipo kwenye jedwali. Juu ya mwamba, kama kule Luchelele na vilima vya Bwiru, hutobolewa tundu na kupachikwa chuma. Kigingi cha mti chenye utepe ni alama ya muda. Pima mbele, nyuma, pande zote mbili, na mshazari (kona hadi kona ya mkabala) mara mbili: kiwanja cha 20 kwa 25 chenye kona za mraba kina mshazari wa mita 32 na sentimita 2 hivi. Mishazari ikitofautiana kwa mita nzima, umbo si lile la kwenye karatasi.

Udongo, mawe na maji

Wasukuma wameigawa ardhi hii kwa majina tangu zamani, na majina hayo bado ni ripoti nzuri ya udongo. Luseni ni mchanga wa chini ya vilima: msingi unakaa, maji yanapenya. Itogolo na ibambasi zina tabaka gumu chini, maji ya mvua husimama juu na shimo la maji taka hujaa upesi. Mbuga ni udongo mweusi wa mabondeni, unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Nyumba ya msingi wa kawaida hupata nyufa zinazoanzia pembe za madirisha. Viwanja vya bei nafuu upande wa Kisesa na Usagara vingi viko kwenye mbuga. Vinajengeka, ila hesabu msingi wa nondo na zege zito, au kuutoa udongo huo na kujaza moramu. Muulize mzee jirani hapa palilimwa nini. Akijibu mpunga, umejua.

Chimba shimo la mita moja na nusu kwenye kona ya kiwanja. Kijana mwenye sururu anamaliza nusu siku. Ukigonga mwamba kwa sentimita 40, ujue shimo la choo litakuwa la kupasua mawe, na maji taka hayatakuwa na pa kunywea. Jiwe kubwa unaloliona juu mara nyingi ni kichwa tu. Wauzaji hupenda kusema mawe ni mali kwa sababu utayauza kokoto. Ni kweli kama uko karibu na barabara na una muda wa kusubiri wapasuaji, vinginevyo ni gharama.

Kwa maji, uliza MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, bomba la karibu liko wapi na lina ukubwa gani, na kama kiwanja chako kiko juu ya tenki linalohudumia eneo hilo. Ahadi ya "maji yapo jirani" haina maana ikiwa jirani yuko bondeni na wewe uko kilimani. Nguzo ya umeme uipime kwa hatua: umbali ndio unaoamua kama utalipia nguzo za ziada.

Ufukweni na kandokando ya barabara

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa na mto. Igombe, Kayenze na Luchelele kuna viwanja vinavyouzwa kwa sifa ya kugusa maji. Mita 60 hizo unazilipia, lakini huzijengi. Na ukingo wenyewe unasogea: mvua za 1961 hadi 1964 ziliinua Ziwa Victoria zaidi ya mita 2, na mwaka 2020 na 2024 maji yalipanda tena hadi kuingia kwenye nyumba za ufukweni. Kwenye ardhi ya mteremko mdogo, mita moja ya maji juu ni makumi ya mita ndani ya kiwanja. Tafuta alama ya maji ya 2024 kwenye kuta na miti, pima mita 60 kuanzia hapo.

Barabara kuu na za mkoa zina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati. Kando ya barabara ya Shinyanga na ya Musoma, kipande cha mbele cha "kiwanja cha biashara" mara nyingi ni hifadhi. Karibu na uwanja wa ndege wa Mwanza uliza kikomo cha urefu kabla ya kununua kwa ajili ya ghorofa. Upande wa Fela na Kigongo, reli ya kisasa na barabara za daraja la Kigongo–Busisi zimepandisha bei na pia zimebadilisha mipaka. Ramani iliyochorwa kabla ya miradi hiyo ihakikiwe upya halmashauri.

Malipo na mkataba

Kabla ya kulipa, omba upekuzi rasmi ofisi ya ardhi kwa namba ya kitalu na kiwanja. Utaonyesha mmiliki, rehani na zuio. Ada za serikali zote zinalipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo (control number). Ofisa akitaka taslimu, ondoka.

Hela ya kiwanja iende kwenye akaunti ya benki yenye jina la kampuni lilivyo BRELA. Namba ya simu ya ofisa mauzo si akaunti. Kwa malipo ya awamu, funga kila awamu na kazi iliyokamilika: kwa mfano asilimia 30 ukisaini, 40 ramani ya upimaji ikisajiliwa, 20 ukikabidhiwa kiwanja bikoni zote zikionekana, na 10 hati ikitoka. Kampuni itakataa hiyo 10 ya mwisho. Pigania angalau 5, maana ndiyo kamba pekee utakayobaki nayo mkononi.

Mkataba useme namba ya kiwanja na kitalu, ukubwa, namba ya ramani, tarehe ya mwisho ya hati, nani analipa nini, na kampuni itarudisha kiasi gani na kwa siku ngapi ikishindwa. Mikataba ya kampuni huwa mikali kwa mnunuzi aliyechelewa mwezi mmoja na mikimya kabisa kuhusu kampuni iliyochelewa miaka. Dai adhabu iwe ya pande zote. Kifungu cha "ukubwa unaweza kubadilika baada ya upimaji" kiongezewe maneno: upungufu utarudishwa kwa bei ya mita ya mraba ile ile uliyonunulia. Usainiwe mbele ya wakili uliyemchagua mwenyewe.

Mambo yakikwama

Ukishalipa sehemu kubwa na hati haitoki, peleka zuio kwa Msajili wa Hati, kama kiwanja kimeshasajiliwa, ili kisihamishiwe mtu mwingine. Andika barua ya madai yenye siku 30 na uhifadhi nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Baraza la Ardhi la Kata sasa kazi yake ni kusuluhisha. Uamuzi unatafutwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, linalosikiliza madai ya kurudishiwa ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Muda wa kudai ardhi ni miaka 12, lakini usiutumie. Kila msimu unaopita bikoni zinang'olewa na wauza vyuma chakavu, majirani wanahama, na mwenyekiti wa mtaa aliyeshuhudia anabadilishwa. Wakati unasubiri, panda michongoma mpakani, safisha kiwanja kila baada ya masika, na upige picha ya kila bikoni namba yake ikisomeka.